Vitabu 11, filamu ya saa mbili: nikate nini nisiwasaliti wasomaji?

*Swali:* "Mwalimu, kwa miaka minane nimekuwa nikichora mfululizo wa vitabu vya katuni kuhusu msichana anayebeba barua kati ya miji miwili iliyo vitani. Vimefika vitabu 11, na cha 12, cha mwisho, bado sijakichora. Sasa kuna mtayarishaji anayetaka kuvifanya filamu moja ya saa mbili hivi, na ameniomba skripti niandike mwenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ina kurasa 214. Kila ninapokata naona nawasaliti wasomaji, na wao wenyewe wameanza kuniandikia: mlinzi wa daraja asiguswe, kofia isibadilishwe. Wapo wanaosema vitabu tayari ni storibodi, muongozaji afuate tu michoro. Muongozaji naye ana yake. Kuna ukurasa ambao kila msomaji huutaja: msichana amesimama ukingoni mwa mto usiku, kisha kisanduku cha picha kinachofuata yuko ng'ambo, amelowa hadi mabegani, barua iko kavu mkononi. Muongozaji anataka tuuonyeshe kwa dakika nne za kuogelea. Hofu yangu kubwa zaidi ni kwamba shujaa wangu karibu hazungumzi. Mawazo yake yamo kwenye maandishi ya juu ya picha, na macho yake sijawahi kuyachora, kofia huyafunika. Nifanyeje filamu isije ikawa kitu kingine kabisa? Na je, nisaini mkataba kwanza au nisubiri?"

Ndugu yangu mchoraji,

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimegota kwenye neno moja: nawasaliti. Kurasa 214 ni hesabu tu. Katika kazi hii tunakadiria ukurasa mmoja wa skripti kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo ulichoandika ni filamu ya saa tatu na nusu, na mhariri yeyote mzoefu anaweza kukufikisha kwenye kurasa 120 ndani ya wiki chache. Kilichokukwamisha hakiko kwenye kalamu. Unaogopa kwamba wasomaji wako waliwahi kupewa kitu cha thamani, nawe sasa unatumwa kwenda kuwanyang'anya. Basi kabla hujakata hata mstari mmoja, tutafute walipewa nini hasa.

Wanaosema vitabu vyako tayari ni storibodi wana nia njema, na watayarishaji huipenda kauli hiyo kwa sababu ni rahisi kumshawishi mwenye fedha ukiwa na michoro mezani. Lakini wanachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura tu. Storibodi ni karatasi ya kazi: inamwonyesha mpiga picha pa kuweka kamera, na upigaji picha ukiisha hakuna anayeihitaji. Kisanduku cha katuni ndicho kazi yenyewe. Ukubwa wake una maana, mahali kilipokaa pana maana, na majirani zake wana maana. Kisanduku chembamba kama ufito kinambana msomaji. Ukimfungulia kurasa mbili nzima baada yake, anavuta pumzi. Fremu ya filamu, yaani mstatili wa picha, kwa kawaida haibadiliki umbo tangu mwanzo hadi mwisho. Tena msomaji huuona ukurasa mzima kabla hajasoma neno, yaani jana na kesho ya mhusika viko mbele yake kwa wakati mmoja. Na mwendo uko mikononi mwake. Akitaka atakaa juu ya picha moja dakika tano, akitaka atarudi nyuma kurasa kumi kuhakikisha kama kweli mlango ulikuwa wazi. Sinema haimngoji mtu.

Nichukue katuni ya Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kwa matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987. Toleo la 5 limepangwa kama kioo: mpangilio wa ukurasa wa kwanza unajirudia katika wa mwisho, wa pili katika wa pili kutoka mwisho, hadi pande hizo mbili zikutane katikati. Msomaji aliyeshika toleo hilo anaweza kufunua na kulinganisha. Filamu ya Zack Snyder ya mwaka 2009 ilifuata picha nyingi za kitabu kwa uangalifu mkubwa, ikaenda dakika 162, na bado kioo kile hakikuwa na pa kuingilia, kwa kuwa mtazamaji hana kurasa za kufunua. Naiheshimu filamu hiyo. Imetengenezwa na mtu aliyekipenda kitabu. Ila mara kwa mara nikiitazama naona waigizaji wamesimama wakiusubiri mchoro uwafikie. Ang Lee naye, katika filamu ya Hulk ya mwaka 2003, aliigawa skrini vipande vipande ifanane na ukurasa. Umbo la ukurasa alilipata. Lakini vipande vile vilikuwa vinatembea vyote kwa pamoja, na jicho ambalo kitabuni huchagua mwendo wake lilijikuta linakimbizwa.

Ipo filamu iliyofuata michoro kwa karibu ikafanikiwa, nayo ni Sin City ya mwaka 2005, ambayo mchoraji mwenyewe, Frank Miller, aliiongoza pamoja na Robert Rodriguez. Angalia lakini ni vitabu vya namna gani. Hadithi zake zinasimama kila moja peke yake, wahusika wanasimulia karibu muda wote, na weusi na weupe wa kurasa zake ulitokana na sinema za zamani za uhalifu. Filamu ilikuwa inakirudisha kitu kwao. Vitabu vyako, kwa jinsi ulivyoeleza, havikutoka huko. Vimejengwa juu ya ukimya.

Na ukimya huo unakaa wapi? Unakaa kwenye mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, alitoa mwaka 1993 kitabu kizima, nacho chenyewe kimechorwa kama katuni, kueleza jinsi katuni zinavyofanya kazi. Mfano wake mmoja sijausahau tangu nilipousoma. Katika kisanduku cha kwanza mtu ameinua shoka nyuma ya mwenzake. Katika cha pili tunaona mji usiku, na juu yake ukelele wa mtu. Shoka halikuchorwa likishuka. Aliyelishusha ni msomaji, kwa namna yake, kwa wakati aliouchagua yeye.

Sasa rudi kwenye mto wako. Ukurasa ule unapendwa kwa sababu hukuuchora mto ukivukwa. Kila msomaji alimvusha msichana mwenyewe. Mmoja alimvusha akiogelea barua ikiwa mdomoni, mwingine akikanyaga tope barua imeinuliwa juu ya kichwa, mwingine akinusurika kuchukuliwa na maji. Na kila mmoja anaamini kabisa kwamba aliona. Ndicho kitu ulichowapa kwa miaka minane: kazi ya kufanya. Dakika nne za kuogelea zitawapa watazamaji mto mmoja tu, ule wa muongozaji, hata kama atauchukua kwa ufundi mkubwa.

Utaniambia: basi tukate kama kitabuni, ukingo huu halafu ukingo ule. Nilishawahi kumshauri mwandishi mmoja hivyo hivyo, na nilikosea. Mkato wa sinema umezoeleka mno. Watu wanaondoka chumba kimoja na kutokea kingine mara elfu ndani ya filamu moja, na mtazamaji ameshajifunza kwamba kilichorukwa hakikuwa na maana. Mwanya wa ukurasa unaonekana, una upana wake, jicho hutua pale. Mkato hauna upana wowote. Sini (kipande kimoja cha hadithi) tuliyoihamisha kisanduku kwa kisanduku ilipita bila mtu kugundua kwamba kuna jambo limetokea.

Filamu ina mwanya wake, ila umekaa kwingine. Umekaa nje ya fremu, na zaidi ya yote umekaa kwenye sauti, kitu ambacho ukurasa hauna. Kwa hiyo mto ule ningeubakiza na mlinzi wa daraja. Yuko juu darajani, mwanga wa taa yake haufiki majini. Tunamwona akisikia maji yakipasuliwa taratibu. Kimya. Yanapasuliwa tena, mbali kidogo. Kengele iko karibu na mkono wake na hapigi. Kimya kirefu, kirefu kiasi cha kututia hofu. Kisha ng'ambo: msichana amelowa hadi mabegani, barua iko kavu. Hakuna aliyemwona akivuka, na ukumbi mzima umemvusha. Sisemi sini hiyo ndiyo jibu pekee. Wewe na muongozaji mnaweza kupata bora zaidi. Nataka uone tu kwamba swali limebadilika. Hatuulizi tena kisanduku hiki tutakipigaje picha. Tunauliza msomaji alikuwa anafanya nini hapa, na mtazamaji tumpe kazi gani inayolingana nayo.

Ndivyo walivyofanya, kwa njia nyingine, waliotengeneza Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018. Badala ya kuifuata hadithi moja ya kitabu picha kwa picha, walikwenda kutafuta jinsi wino unavyoonekana kwenye karatasi: vidoti vya uchapishaji, rangi zinazokosana kidogo na mstari, mchoro mmoja kushikiliwa kwa fremu mbili, yaani picha mbili za filamu zinazofuatana, ili mwendo urukeruke kama wa katuni. Ukiitazama unasikia karatasi. Ilipata Oscar ya filamu bora ya uhuishaji, na nadhani iliistahili.

Tuje kwenye kukata.

Mfululizo na filamu vina njaa tofauti. Mfululizo unaishi kwa kurudi: mhusika lazima abaki yule yule kiasi cha msomaji kumtambua kila kitabu kipya, na kila mwisho lazima uache mlango wazi. Filamu inaishi kwa kwisha. Mtu anayeingia ukumbini anataka, ndani ya saa mbili, jambo moja lianze, libane, lifunguke. Rasimu yako ina kurasa 214 kwa sababu umekusanya milango 11 iliyo wazi ukaipanga mstari. Hata ukiipunguza kila mmoja kwa nusu, bado itakuwa safu ya milango.

Kwa hiyo usikate kwa kupunguza kila kitabu kidogo kidogo. Hapo ndipo wengi huharibu: kila mhusika anabaki, kila tukio linabaki, ila vyote vimekonda, na mtazamaji mgeni anatambulishwa kwa watu ishirini asiokuwa na muda wa kumjali hata mmoja. Chagua swali moja. Pengine ni hili: nani anamwandikia nani barua hizi, na mbebaji afanye nini siku atakapojua? Au ni jingine, wewe ndiye unayelijua. Kisha pitia vitabu vyote ukibeba swali hilo peke yake. Kinacholijibu au kulizuia kinaingia. Kisicholigusa kinabaki kitabuni, kizima, hakijafa; msomaji atakikuta pale pale alipokiacha.

Katsuhiro Otomo alikuwa mwandishi na mchoraji wa Akira, kazi ya vitabu sita yenye kurasa zaidi ya 2,000 aliyoianza mwaka 1982. Filamu aliiongoza mwenyewe ikatoka mwaka 1988, ya saa mbili na dakika chache, na kitabu hakikuwa kimeisha. Alikimaliza mwaka 1990. Aliacha sehemu kubwa sana ya hadithi yake mwenyewe nje. Sijui kama kuna mtu angethubutu kumkatia kiasi hicho isipokuwa yeye. Kwa filamu ya Tintin ya mwaka 2011, waandishi wa Steven Spielberg walikwenda njia nyingine, wakaunganisha vitabu vitatu vya Hergé: kutoka kimoja wakachukua Tintin na Kapteni Haddock kukutana kwa mara ya kwanza, kutoka vingine fumbo la meli na hazina. Waliona kwamba urafiki unaoanza na fumbo linalofumbuliwa vinaweza kusukumana ndani ya filamu moja, ingawa kitabuni havikukaa pamoja.

Na wapo waliochukua mbegu tu. Filamu ya Bong Joon-ho ya mwaka 2013, Snowpiercer, ilitoa kwenye kitabu cha Kifaransa cha miaka ya 1980 treni isiyosimama kwenye dunia iliyoganda, matajiri mbele na maskini nyuma, kisha ikajaza wahusika wapya. Hakuna anayeweza kusema haikuwa aminifu kwa treni ile. Kwako sipendekezi kwenda mbali hivyo, kwa kuwa wasomaji wako wanampenda msichana zaidi ya vita. Lakini ni vizuri ujue uwanja ni mpana kiasi gani.

Kuna zoezi ninalowapa waandishi wote wanaogeuza kazi zao wenyewe. Tafuta wasomaji watano wa kweli na usiwaulize wanapenda nini. Waombe wakusimulie hadithi kana kwamba unaisikia mara ya kwanza, nawe ukae kimya uandike. Utashangaa. Sini iliyokukesheza usiku wiki tatu kuichora haitatajwa. Jambo ulilolichora kwenye visanduku viwili, wote watano watalisimulia kwa mikono. Sisi tulioumba tunakumbuka jasho letu, na jasho letu ni mwongozo mbaya wa kukata.

Kuhusu msichana asiyesema na asiyeonekana macho, hofu yako ni ya haki. Mchoro wenye mistari michache hualika msomaji aingie ndani yake. Uso usio na macho humpa nafasi ya kuweka macho yake. Siku mwigizaji atakapovaa kofia ile, atakuwa mtu fulani, mwenye kidevu fulani na sauti fulani, na baadhi ya wasomaji watasema siye. Hilo huwezi kulizuia, na anayekuahidi kwamba linazuilika hakwambii kweli.

Unachoweza ni kuchagua hasara. Wengi watakushauri sauti ya msimulizi, yaani maandishi yale ya juu ya picha yasomwe tukimtazama. Kitabuni yanafanya kazi kwa sababu msomaji huyasoma kwa sauti ya ndani, karibu sauti yake mwenyewe, na picha imetulia ikimngoja. Kwenye filamu sauti inafunika. Ukiisikia inasema "niliogopa" juu ya uso unaoogopa, umelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Ningeiruhusu mahali pamoja tu: barua. Anazibeba, na wewe una haki ya kutusomea. Maneno ya watu wengine, kwa sauti za watu wengine, yakisikika tukiwa tunautazama mwendo wake, yatatufunulia anachofikiri kuliko mawazo yake mwenyewe yakitangazwa.

Kwa macho, kuna kisa cha kujifunza. Judge Dredd, wa katuni za Uingereza tangu mwaka 1977, uso wake hauonyeshwi kitabuni. Filamu ya mwaka 1995, akiigizwa na Sylvester Stallone, ilimvua kofia ya chuma mapema, na wasomaji hawakuisamehe. Ile ya mwaka 2012 Karl Urban hakuivua kamwe. Ilifanyaje basi tusitazame ukuta kwa saa moja na nusu? Ilimweka kando yake askari mgeni, Anderson, aliye kichwa wazi. Wasiwasi, huruma na hofu tunavisoma kwenye uso wa Anderson, na kwa kumtazama yeye tunamjua Dredd. Haikupata fedha nyingi kwenye kumbi, nakwambia ukweli huo usije ukadhani uaminifu hulipa daima, lakini wapenzi wa kitabu mpaka leo wanaitetea.

Unamwona mtu wako? Ni mlinzi wa daraja. Wasomaji wamekwambia asiguswe, na pengine wamehisi, bila kuwa na maneno ya kulieleza, kwamba yeye ndiye anayemtazama msichana kwa niaba yao. Mpe nafasi kubwa kuliko aliyo nayo kitabuni. Kofia ibaki. Na kama kuna siku moja tutayaona macho yale, iwe siku yenye sababu, na uamue wewe, isiamuliwe na mtu anayetaka sura ya nyota ionekane kwenye bango.

Barua za wasomaji zisikutie woga. Michael Keaton alipotangazwa kuwa Batman kwa ajili ya filamu ya mwaka 1989, studio ilifurikwa na barua za kupinga; filamu ilipotoka wengi walinyamaza, na leo wapo wanaomwona kuwa bora kuliko waliomfuata. Lakini usiyachukue hayo kuwa ruhusa ya kutowasikiliza. Filamu ya mwaka 2009 iliyotokana na katuni za Kijapani za Dragon Ball ilipingwa vikali na wasomaji, na miaka saba baadaye mwandishi wa skripti yake aliwaomba radhi hadharani akikiri kwamba aliifanya kwa ajili ya malipo, bila kuwa mpenzi wa kazi yenyewe. Walikuwa wamegundua. Kwa hiyo mtu akikuandikia "usibadilishe kofia", usijibu ndiyo wala hapana. Jiulize kofia inafanya kazi gani. Kama kazi yake ni kuyaficha macho, rangi yake na upana wake ni mambo ya mbunifu wa mavazi, lakini kivuli chake hakigusiki.

Ulisema kitabu cha mwisho hujakichora. Hapa ningekuomba usimame kidogo, kwa sababu ni jambo zito kuliko kurasa 214. Filamu yako itahitaji mwisho. Ukitumia mwisho uliokuwa unauhifadhi, watu watakuja kwenye kitabu cha 12 wakiwa wameshaujua. Hayao Miyazaki alitoa filamu ya Nausicaä mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya kuanza kuichora, ikiwa na mwisho wake yenyewe; kitabu aliendelea nacho hadi mwaka 1994 kikafika mahali pengine kabisa, kigumu na chenye giza zaidi. Vyote viwili vinasimama. Mimi ningefanya hivyo: filamu ijibu swali lake moja, vita viendelee. Kama huwezi kuona mwisho mwingine ila ule ule, basi maliza kitabu kwanza, hata kama mtayarishaji atanung'unika.

Pia muulize, kabla hamjafika mbali, kwa nini iwe filamu moja yenye waigizaji wa kuonekana. Pengine ana sababu nzuri ya fedha. Lakini Marjane Satrapi aliigeuza katuni yake Persepolis kuwa filamu ya kuchorwa, akiongoza pamoja na Vincent Paronnaud, na mwaka 2007 ikapata Tuzo ya Jopo kwenye tamasha la filamu la Cannes. Marguerite Abouet na mchoraji wake Clément Oubrerie walifanya hivyo hivyo kwa katuni yao Aya wa Yopougon mwaka 2013. Uhuishaji ungekuachia uso usio na macho bila ugomvi wowote. Ni kazi ya miaka, inahitaji wachoraji wengi, na mstari wako utapita mikononi mwa watu ambao hawatauchora kama wewe. Tamthilia ya vipindi nayo ingekupa nafasi ya wahusika wengi zaidi, ila itakurudisha kwenye milango iliyo wazi, na ikikatishwa baada ya msimu mmoja hadithi itabaki inaning'inia. Kwa swali moja na mto mmoja, mimi bado naona filamu inatosha.

Mkataba: usisaini bado. Na hapa mimi si mtu wa kutosha. Tafuta mwanasheria anayeshughulika na hakimiliki na mikataba ya filamu, umlipe wewe, asiwe yule wa mtayarishaji, ukae naye ana kwa ana na karatasi zikiwa mezani. Kwa kawaida mtayarishaji hulipa kiasi kidogo ili ashike haki kwa muda huku akitafuta fedha, kisha hulipa kamili akianza kutengeneza. Mwulize mwanasheria muda huo ni wa miaka mingapi, na haki zinarudi kwako vipi filamu isipotengenezwa. Mwulize kama bado utakuwa huru kuchora na kuuza kitabu cha 12. Mwulize nani anamiliki filamu ya pili, wanasesere, michezo ya kompyuta. Malipo ya haki na malipo ya kuandika skripti ni mambo mawili, yasiwekwe kwenye tarakimu moja; na idadi ya rasimu utakazoandika iandikwe. Tofautisha pia "kuombwa ushauri" na "kuidhinisha". Anayekuomba ushauri anaweza kukusikiliza kwa adabu kisha afanye alilotaka. Hutapewa idhini juu ya kila kitu, hakuna anayepewa, kwa hiyo chagua mambo mawili au matatu ambayo bila hayo ungependa jina lako lisionekane. Alan Moore aliomba jina lake lisiwekwe kwenye filamu ya Watchmen, na halikuwekwa. Haki ya kuondoa jina lako ni ndogo, lakini iombe iandikwe.

Ukishampata mwanasheria, na mazungumzo yakiendelea, andika upya sini ya mto peke yake, kurasa mbili, hakuna mazungumzo hata neno. Mpelekee muongozaji. Usimweleze chochote kuhusu mianya wala visanduku. Akizisoma kisha akakuuliza, "Kwa nini mlinzi hakupiga kengele?" kaa naye mfanye kazi. Akikuuliza msichana anaogelea wapi, mrudishie kitabu, mfungulie ukurasa ule, na umwombe akusimulie alichokiona kati ya kisanduku cha kwanza na cha pili.